Kijapani Huanza Saa Nne

Kila mtu Mukuyuni anajua kwa nini Madam alianza kusoma Kijapani, na hakuna wawili wanaojua sababu moja. Mchungaji aliambiwa ni kwa ajili ya injili, kwa kuwa Wajapani nao wana roho. Akina mama wa chama waliambiwa kuna soko la parachichi huko, na mtu hawezi kuuza parachichi akiwa bubu. Mzee wake, yaani mumewe, aliambiwa ni zoezi la kumbukumbu. Mimi nilipouliza nilijibiwa, "Kwa sababu kutoka hapa hadi mji wa Wote hakuna wa kunisahihisha." Nilikubali hiyo, kwanza kwa kuwa ilifanana naye, na pili kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu na watu watano nyuma yake wakingoja dawa.

Nina duka la dawa hapo sokoni. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake, na tangu nifungue duka ananiita Daktari wa Panadol, cheo ambacho hakijaniongezea mteja hata mmoja. Huteremka kutoka Mbooni kila baada ya wiki nne, nyuma ya boda boda, ameketi wima kama mtu anayesimamia mtihani, na mwenye pikipiki hufundishwa njia nzima jinsi ya kukata kona.

Alitufundisha Kiswahili, na anayejua Kikamba anajua alikuwa na kazi gani. Lugha yetu haina r. Haijawahi kuihitaji. Tulisema balabala, tukasema lafiki, tukasema habali ya asubuhi, na Madam akazunguka darasani na kijiti akiitafuta r midomoni mwetu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Miaka thelathini na zaidi alipigana na hiyo l. Kisha akastaafu, na katika lugha zote za dunia akachagua ya watu ambao r na l kwao ni kitu kimoja.

Nilimkumbusha jambo hilo mara moja tu.

"Wao wana sababu," alisema. "Ninyi mlikuwa wavivu."

Ugonjwa ulimpata akiwa bado kazini. Ulianzia kwenye vidole. Chaki ikawa inamponyoka, na sisi tuliokuwa tumemaliza shule zamani tulipopata habari hiyo tulisema, Mungu atusamehe, kwamba hatimaye kuna kitu kimemshinda. Ni baridi yabisi, lakini si ile ya uzee. Ni ile nyingine, ambapo mwili unageuka na kuvishambulia viungo vyake wenyewe, na ukianza hauachi. Unatulizwa tu, kwa dawa, maisha yote.

Kuugua huku kwetu ni kazi ya umma. Kila aliyemwona alimwandikia tiba. Supu ya miguu ya ng'ombe. Bangili ya shaba. Kitunguu saumu ndani ya soksi. Mafuta ya mbuni kutoka Mwingi, ambayo mtu fulani aliyaleta kwenye chupa na yakanuka kabisa kama mafuta ya kukaangia chipsi. Mwingine alimwambia ahame Mbooni maana baridi ya kule ndiyo inayomla, na mwingine akamwambia asihame maana joto la huku chini ndilo litakalommaliza. Madam aliwasikiliza wote. Aliandika ushauri wa kila mtu kwenye daftari, akauliza wanaandikaje majina ya mizizi yao, akashukuru, na hakufuata hata mmoja.

Alikubaliana na ugonjwa jambo moja tu, nalo ni saa. Mikono yake haiamki naye. Yeye huamka saa kumi na mbili, lakini vidole hubaki vimekakamaa hadi jua lipande, na kabla ya saa nne hawezi kufunga kifungo wala kushika kijiko. Kwa hiyo ratiba iliyobandikwa kwenye friji yake, kwa mwandiko ule ule uliotutisha kwenye ripoti za muhula, inasema: Kijapani, saa nne kamili. Huyu ndiye mwalimu aliyemfungia mwalimu mwenzake nje ya ukumbi kwa kuchelewa dakika mbili. Vidole vyake vinachelewa kwa saa nne kila siku na anavisubiri, amevitumbukiza kwenye beseni la maji moto, akivitazama bila kusema kitu. Sisi hatukuwahi kusubiriwa hivyo.

Na ni lazima aandike. Vijana wa siku hizi wanajifunza lugha kwa kubonyeza simu, lakini Madam aliamua kwamba herufi ambayo mkono haujaiandika haijaingia kichwani. Kijapani kina herufi ambazo nyingine zinafanana na nyumba iliyoangukiwa na mti, na kila mchoro una zamu yake, huwezi kuanza popote. Alichukua penseli, akaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ikawa nene kama muhogo, ili aweze kuishika kwa kiganja. Ukurasa mmoja ulimchukua asubuhi nzima. Mtu mwenye mikono mizima angeuchukia mwandiko ule. Yeye aliutia alama kwa kalamu nyekundu, akajinyima maksi.

Nyumba nayo ilisomeshwa. Mlango ulibandikwa karatasi yenye jina lake la Kijapani, tangi la maji likabandikwa, jembe, sufuria, kiti cha mzee. Mzee mwenyewe hakubandikwa, ingawa nadhani lilifikiriwa. Ni dereva wa lori mstaafu, mtu mpole, ambaye amepita miaka arobaini ya ndoa kwa kukubali. Ng'ombe alikaa na karatasi yake shingoni siku nzima kwa heshima. Mbuzi alikula yake, kisha akala ya jembe.

"Huyo ameimeza kabisa," Madam aliniambia. "Ninyi hamkuwahi kufika hapo."

Julai moja, baridi ilipozidi, alikubali kwenda kukaa na mdogo wake huko Nuu, upande wa Kitui, ambako jua halina masihara na mtu yeyote. Mikono ikapata nafuu. Hasira zikazidi, kwa kuwa simu haikushika mtandao isipokuwa mahali pamoja, juu ya jiwe nyuma ya kanisa. Darasa lake la Kijapani lilikuwa la mtandaoni, kila Jumamosi. Basi kila Jumamosi Madam alipanda jiwe lile akiwa na kofia ya jua, akainua simu juu, akafumba macho ili asikie vizuri, na akarudia kwa sauti kubwa kila alichoambiwa.

Jumamosi ya pili walikuja akina mama wawili wakasimama chini ya jiwe. Ya tatu walikuwa tisa. Walisikia mama mzima, mstaafu, mwenye mikono iliyopinda, akinena kwa lugha kuelekea mbinguni, na wakafanya lililo sawa. Kila aliponyamaza walisema "Amina." Madam alikuwa anasoma sentensi ya kuuliza bei ya samaki.

"Uliwaambia?" nilimuuliza aliporudi.

"Niwaambie nini? Miaka yote ya ualimu sikuwahi kuwa na darasa linaloitikia hivyo."

Mwalimu wake wa mtandaoni, Sensei kwa Kijapani, ni kijana wa Nairobi aliyesomea huko Japani, na umri wake haufiki nusu ya umri wa Madam. Hapo ndipo nilipomwona Madam ambaye hatukujua yupo. Nilimkuta siku moja ameketi mbele ya simu na blauzi iliyopigwa pasi, ameinua mkono, anangoja. Kijana alikuwa haoni. Madam hakupayuka. Aliuacha mkono ule, na viungo vyake vile, juu hewani kwa muda ambao mimi nisingeweza.

"Mama, uko na swali?" kijana akasema mwishowe.

"Nina swali, Sensei. Na mimi si Mama hapa. Ni mwanafunzi."

Kazi ya nyumbani aliituma siku tatu mapema. Aliposahihishwa aliinamisha kichwa na kuandika. Nilitoka pale nikiwa na kinyongo kidogo, kwa niaba ya darasa letu lote.

Sasa niseme habari ya kidonge, maana hapo sina kicheko kingi. Kuna dawa anayomeza mara moja kwa wiki, na ndiyo inayoushika ule ugonjwa usimle viungo. Aliambiwa achague siku, akachagua Ijumaa jioni, na miaka yote hiyo akameza Ijumaa. Dawa hiyo ina tabia yake. Siku inayofuata tumbo linachafuka na kichwa kinakuwa kizito kama kimejazwa mchanga. Mimi ndiye ninayemuuzia, kwa hiyo najua anapokuja na anapokosa kuja. Mwaka uliofuata ule wa Nuu, mwezi mmoja ukapita hakuja. Nikadhani ni mvua. Wiki ya saba nilifunga duka mchana nikapanda Mbooni.

Nilimkuta barazani. Mzee alikuwa amemvalisha sweta na kukosea vifungo, kimoja kimebaki juu bila tundu, na Madam alikuwa hajamsahihisha. Hapo ndipo nilipoogopa. Kikombe cha chai alikishika kwa vifundo vya mikono, kama mtu aliyevaa glavu. Penseli ilikuwa mezani na vumbi lake.

"Umeacha dawa," nikasema.

"Nimeipumzisha."

"Dawa haichoki, Madam."

"Mimi nachoka." Aliweka kikombe chini, na ikamchukua muda. "Nikimeza Ijumaa, Jumamosi darasa linanipita kama matangazo ya vifo redioni. Nasikia majina tu. Mtihani uko Desemba. Nilisema niache kidogo, mpaka Desemba."

Nilimweleza yote niliyofundishwa: kwamba kiungo kikishaharibika hakirudi, kwamba Desemba hatakuwa na mkono wa kushikia hiyo penseli. Alinisikiliza kwa uso ule wa kumsikiliza mtoto anayesema mbwa amekula daftari. Mwishowe nikauliza tu, "Kwani Jumapili una nini?"

"Kanisa."

"Jumatatu?"

Akakisukuma kikombe kando.

"Madam, Jumatatu una nini?"

"Jumatatu sina kitu."

"Jumanne?"

"Hakuna."

"Basi si umeze Jumatatu."

Mzee alikuwa mlangoni. Aligeuka haraka akaingia ndani, na nikasikia anakohoa kwa namna ambayo si kukohoa. Madam aliinama mbele.

"Inaruhusiwa?"

Tulimpigia daktari pale pale. Daktari akamwambia aanze tena Jumatatu inayokuja, kiasi kile kile, ila kwanza apime damu, na siku nyingine asiache bila kumwambia. Mwanamke aliyebeba kichwani mamia ya herufi za Kijapani, na zamu ya kila mchoro, alikuwa hajawahi kufikiria kwamba wiki ina siku nyingine. Nami niliyemuuzia dawa hiyo kila mwezi nilikuwa sijawahi kumuuliza Jumamosi yake inakuwaje. Alianza tena. Mikono ilirudi, isipokuwa vidole viwili vya kulia, ambavyo vilibaki vimeinama kando kama vinatazama kitu njiani. Hivyo havikurudi.

Mtihani wenyewe ulifanyika Nairobi, asubuhi, saa ambazo mikono yake bado imelala. Mlangoni mlinzi alitaka kujua ndani ya chupa ya chai mna nini.

"Maji ya mikono yangu," Madam akamwambia.

Mlinzi alifungua, akanusa, akamruhusu. Madam alikaa kwenye ngazi akailowesha mikono kwenye bakuli la plastiki huku vijana wakimpita, wengine wakimwamkia wakidhani ni mama wa usafi. Kisha akaingia, akafungua karatasi, na akagundua kwamba mtihani ule hauandikwi. Hakuna mahali pa kuandika herufi hata moja. Kuna maswali ya kuchagua, na vijiduara vya kujaza kwa penseli. Miaka mitatu ya asubuhi zake, na tyubu ya baiskeli, na kalamu nyekundu, na walichotaka ni apake rangi.

"Nilivijaza vizuri," aliniambia. "Ndani ya mstari."

Akaanguka mtihani.

Mchungaji alikuwa amemwombea mbele ya kanisa zima kabla hajasafiri, kwa hiyo kanisa zima lilidai matokeo. Jumapili moja, baada ya ushuhuda wa mtu aliyepata leseni na mwingine aliyepona mgongo, mchungaji akasema tumsikie mwalimu wetu. Madam alisimama.

"Nilifanya mtihani wa Kijapani," alisema. "Nimeanguka. Sehemu ya kusoma nilifaulu. Sehemu ya kusikiliza ndiyo iliyoniangusha. Nitarudia Desemba."

Akaketi. Watu hawakujua kama wapige makofi. Mzee mmoja wa kanisa alipiga mara mbili akaacha. Mchungaji, akitaka kuokoa hali, akasema tunajua ni nani aliye kazini hapo, ni yule adui anayeiba ushindi wa watoto wa Mungu. Madam akasimama tena.

"Si adui, Mchungaji. Ni kusikiliza."

Nilikuwa benchi la nyuma. Kulikuwa na watu wazima mle ndani, mimi nikiwa mmoja wao, ambao waliwahi kulia nyumbani kwa kuogopa kumwambia mama huyu kwamba wameshindwa. Sikujua mtu anaweza kusema hivyo akiwa amesimama wima.

Kuhusu kusikiliza, aliyemwokoa ni mzee wake, bila kukusudia. Madam alikuwa akicheza sauti za mazoezi barazani kila siku, na mzee alikuwa akikamua ng'ombe hapo karibu. Jioni moja sauti ikauliza treni inaondoka saa ngapi. Madam akasimamisha, akafikiri.

"Si ni saa tatu na nusu," mzee akasema kutoka chini ya ng'ombe.

Madam akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hakumsemesha hadi kesho yake, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, ambaye alizifurahia sana saa hizo. Lakini wiki iliyofuata mzee alikuta spika imehamishwa, imewekwa juu ya ukuta wa zizi, na mkewe ameketi kwenye debe lililopinduliwa upande wa pili wa ng'ombe. Madam hakumwomba amsaidie. Alimuuliza tu, sauti ikikwisha, "Wewe umesikia nini?" Kwa ndoa ile, nadhani ndilo swali la kwanza la aina yake.

Aliporudia mtihani alifaulu. Kanisani hakusema kitu, na mchungaji hakuuliza. Mimi niliambiwa na mzee, dukani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua dawa ya aibu.

Mwaka huu, mvua za Aprili zilipoikata barabara ya Mbooni na boda boda zikagoma kupanda, nilimpelekea dawa kwa miguu. Nilifika saa tano nikiwa na matope hadi magotini. Alikuwa mezani karibu na dirisha, kitabu kimefunguliwa mbele yake, lakini penseli haikuwepo.

"Umefika wakati mzuri," alisema. "Nifungulie kurasa. Leo vidole havifungui."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu. Nilinawa mikono, nikaketi kando yake, nikafungua. Alikuwa anarudia kitabu cha kwanza kabla ya kuingia cha pili, kwa kuwa yeye si mtu wa kuacha nyuma yake ovyo. Kila ukurasa ulikuwa umejaa mwandiko wake, pembeni, juu, katikati ya mistari. Tulipita sura ya sokoni, ya familia, ya saa na treni. Kisha nikafika mahali ambapo kurasa kadhaa zilikuwa zimebanwa pamoja kwa kibanio cha nguo.

Nilikitoa kibanio. Kurasa zilikuwa nyeupe, mpya, hazijaguswa. Kulikuwa na mchoro wa mtu amesimama, mishale ikielekea kichwani, tumboni, magotini, mikononi. Sikuhitaji Kijapani kujua ni sura ya nini. Mtu yuko kwa daktari, anaulizwa anaumwa wapi.

"Madam, hii hujasoma."

"Hiyo niliiruka."

"Lakini wanaweza kuuliza kwenye mtihani."

"Waliuliza. Mara zote mbili. Nilijaza kiduara chochote."

Nilidhani anatania, nikamtazama. Alikuwa anatazama nje, mikono imelala juu ya kitambaa cha meza, vile vidole viwili vimeinama. Nilitaka kumuuliza usiku ulikuwaje, uvimbe uko wapi leo, maana ndilo ninalomuuliza kila mara, na nikaona kwamba hata mimi nimekuwa mchoro ule wa mishale.

"Kuna Kikamba," alisema. "Kuna Kiswahili, na kuna Kiingereza cha hospitali. Naumwa kwa lugha tatu, Daktari. Zinatosha. Hii moja acha iwe nzima."

Mzee alipita dirishani na gunia la majani kichwani, akijikinga na mvua. Nilirudisha kibanio mahali pake.

"Sura inayofuata ni ya nini?" nikauliza.

"Hali ya hewa," alisema. "Shika ukurasa vizuri, unaupinda."